Ukitoka kwenye pedi, jiandae kufungwa kwanza

KUANZIA Katesh hadi Haydom, Dongobesh hadi Mbulu mjini, fundi wa gemu anajulikana kwa kitu kimoja tu: pedi. Vidole gumba vimekomaa, macho hayashuki mkononi, na ukimwachia Arsenal au Real Madrid anaweza kukutandika bao tatu huku anapiga stori na waliosimama nyuma yake.

Sasa mkalishe fundi huyo huyo mbele ya kompyuta. Mpe kibodi na mausi, mfungulie gemu la kupiga risasi kama Counter-Strike. Dakika tano nyingi. Bingwa wa kibanda anaangalia mawinguni badala ya mbele, anagongana na ukuta, anataka kukimbia anajikuta amechuchumaa, na kabla hajajua adui yuko wapi, ameshalala chini.

Wengi huishia hapo. Wanaisukuma mausi pembeni, wanasema kitu chenyewe cha ovyo, wanarudi kwenye pedi yao. Kumbe tatizo si kipaji wala si kifaa. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba anayehama kutoka pedi kwenda kibodi na mausi lazima kiwango kishuke kwanza ndipo kipande. Asiye tayari kufungwa kwa muda, bora asihame kabisa.

Na hapa si suala la kupoteza muda tu. Mwaka 2024 mjini Riyadh, Saudi Arabia, kulifanyika kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki, na zawadi za mashindano yote kwa jumla zilizidi Dola milioni 60 za Marekani. Mojawapo ya gemu zilizochezwa pale ni Counter-Strike 2, ambalo wachezaji wa ngazi ya juu wanalicheza kwa kibodi na mausi. Gemu lingine kubwa la aina hiyo, Valorant, lililotoka mwaka 2020, ukilicheza kwenye kompyuta halipokei pedi kabisa. Huwezi kwenda nayo huko hata kama wewe ni mfalme wa mkoa mzima wa Manyara.

KWA NINI PEDI IMETAWALA

Sababu ya kwanza ni soka. Vijana wengi wa Mbulu na Hanang wamejifunza gemu kupitia mpira, na mpira wa gemu umetengenezwa kwa ajili ya pedi. Unasukuma kijiti upande unaotaka, unabonyeza pasi, mpira unaenda. Kompyuta ndiyo inayomaliza kazi: inachagua mchezaji wa kupokea, inarekebisha pembe, inapima nguvu kulingana na muda ulioshikilia kitufe. Wewe kazi yako ni wazo na wakati sahihi.

Sababu ya pili ni mfuko. Mashine moja ya PlayStation, runinga na pedi mbili zinatosha kufungua kibanda. Wateja wanapokezana, anayefungwa anatoka, mwingine anaingia. Kompyuta yenye nguvu ya kuendesha gemu za risasi ni mzigo mwingine kabisa, na inakaliwa na mtu mmoja.

Basi pedi inageuka kuwa lugha ya mama. Mtoto anaijua kabla hajamaliza shule ya msingi. Akifika kwenye gemu za vita kama Call of Duty, anaendelea na pedi ile ile: kijiti cha kushoto kutembea, kijiti cha kulia kuangalia na kulenga.

Inafurahisha kujua kwamba mpangilio huo wa vijiti viwili nao uliwahi kutukanwa. Mwaka 2000 gemu la Alien Resurrection la PlayStation liliutumia, na mchambuzi wa GameSpot akauponda vikali kwamba hauchezeki. Mwaka mmoja baadaye Halo likatoka kwa Xbox likiwa na mpangilio wa namna hiyo hiyo, na leo hakuna anayeushangaa. Kilichobadilika si vidole vya binadamu, ni mazoea.

KIJITI NA MAUSI HAVIFANANI HATA KIDOGO

Hapa ndipo penye siri yenyewe, na anayeielewa anapunguza nusu ya mateso.

Kijiti cha pedi kinatoa amri ya mwendo. Ukikisukuma kulia, mchezaji wako anaanza kugeuka kulia, na anaendelea kugeuka mpaka ukiachie. Ukisukuma kidogo anageuka polepole, ukisukuma hadi mwisho anageuka haraka. Lakini haraka hiyo ina kikomo. Adui akitokea mgongoni, hata ukikisukuma kijiti mpaka kivunjike, hugeuki zaidi ya kasi iliyopangwa.

Mausi haitoi amri ya mwendo, inatoa umbali. Ukiivuta sentimita kumi, mchezaji wako anageuka kiasi fulani kisichobadilika, kisha anasimama palepale mkono uliposimama. Ukiivuta haraka anageuka haraka, ukiivuta taratibu anageuka taratibu. Hakuna kikomo isipokuwa mkono wako.

Tofauti nyingine ni kiungo kinachofanya kazi. Kwenye pedi, kidole gumba kimoja kinalenga, tena kwa kijiti kifupi ambacho safari yake yote ni ndogo mno. Kwenye mausi, kazi inagawanywa kati ya vidole, kiwiko cha mkono na mkono mzima kuanzia begani. Ndiyo maana mausi ina uwezo mkubwa wa kulenga kitu kidogo kilicho mbali. Na ndiyo maana anayetoka kwenye pedi anahangaika: ubongo wake unasubiri kitu kiendelee kugeuka chenyewe, na hakigeuki.

Upande wa miguu nako kuna mabadiliko, ila ya kinyume. Kijiti cha kushoto kinakupa pande zote za dunia, na kinajua kutembea taratibu na kukimbia. Kibodi inakupa vitufe vinne: W mbele, S nyuma, A kushoto, D kulia. Ukichanganya viwili unapata pembe, jumla njia nane tu. Kitufe hakijui nusu: umekibonyeza au hujakibonyeza. Kwa maneno mengine, unapohama unapata mkono mzuri zaidi, lakini unapoteza ulaini wa miguu.

Wengi wanadhani mausi ndiyo itakayowasumbua. Ukweli ni kwamba mkono wa kushoto kwenye kibodi ndio unaochelewa kuzoea. Kidole kimoja kinatakiwa kukimbia, kingine kuchuchumaa, kingine kuruka, kingine kubadili bunduki, na vyote bila kuangalia chini.

ULIKUWA UNASAIDIWA BILA KUJUA

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa pedi hawapendi kulisikia. Kwa kuwa kidole gumba hakina usahihi wa mkono, watengenezaji wa gemu nyingi za risasi wameweka msaada wa shabaha kwa anayetumia pedi. Alama ya kulengea ikimkaribia adui, kijiti kinakuwa kizito kidogo ili usimpite. Kwenye baadhi ya gemu, adui akitembea, alama yako nayo inavutwa kumfuata.

Si wizi, ni sehemu ya mchezo, na bila msaada huo gemu nyingi za pedi zingekuwa adhabu. Lakini ukishika mausi, msaada unaondoka wote. Anayehama anabadili kifaa na kumpoteza msaidizi kwa siku moja. Ndiyo maana siku ya kwanza mtu anaona kama uwezo wake wote umeibiwa.

Kwenye suala la kulenga bila msaidizi, Mbulu ina walimu wa muda mrefu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda Chini wanawapa watoto wa kiume upinde wakiwa bado wadogo sana. Mtoto anaanza na upinde mdogo unaolingana na nguvu zake, analenga ndege na vitu vidogo, anakosa, anakosa tena. Akikua anahamia upinde mkubwa zaidi, na kila anapohama anaanza kuuzoea upya, kwa sababu uzito wa kuvuta umebadilika. Mpaka anafika kwenye upinde wa mtu mzima, ambao mgeni asiyezoea anaweza kushindwa hata kuuvuta hadi mwisho, amekosa mara nyingi kuliko alivyopata.

Hiyo ndiyo njia ya mausi. Tofauti ni kwamba mwindaji wa Yaeda hatarajii kupata siku ya kwanza.

ALIYEFUNGWA NA NDUGU YAKE

Historia ya gemu za risasi ina mtu aliyepita njia hii na akaibadilisha dunia nzima. Anaitwa Dennis Fong, Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Thresh.

Miaka ya 1990, wakati gemu la Doom likiwa ndiyo habari ya mjini, wachezaji wengi walitumia kibodi peke yake: kutembea, kugeuka na kupiga, vyote kwa vitufe. Fong alikuwa hivyo hivyo na alikuwa mkali. Kisha akakutana na kaka yake Lyle, aliyekuwa anageuka kwa kutumia kitufe cha mpira wa kuviringisha, jamii moja na mausi. Akafungwa.

Angeweza kusema amebahatishwa. Badala yake aliangalia mkono wa kaka yake, akaelewa kwamba kifaa kile kikizoeleka kitampeleka mbali. Akakiacha alichokijua. Akajifunza upya, na mpangilio wa vidole aliokuja kuupendelea kwa mkono wa kushoto, wa W, A, S na D, ukaenea kwa sababu kila mtu alitaka kucheza kama yeye.

Mwaka 1997 alishinda mashindano ya gemu la Quake yaliyoitwa Red Annihilation nchini Marekani. Zawadi yake ilikuwa gari aina ya Ferrari 328, mali ya John Carmack mwenyewe, mmoja wa waliolitengeneza gemu hilo. Leo kijana anayeweka vidole vyake kwenye W, A, S na D, awe Seoul au Katesh, anafuata njia iliyotangazwa na mtu aliyekubali kipigo cha ndugu yake.

SHAHANGA WA HANANG NA HENRY WA ARSENAL

Michezo mingine nayo ina ushahidi, na mmoja unatoka chini ya Mlima Hanang. Gidamis Shahanga alitikisa dunia mwaka 1978 mjini Edmonton, Canada, aliposhinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa hajulikani sana. Angeweza kubaki barabarani maisha yake yote. Mwaka 1982 mjini Brisbane, Australia, aliingia uwanjani, kwenye mbio za mita 10,000, akatwaa dhahabu, huku Mtanzania mwenzake Zacharia Barie akimaliza wa pili.

Anayefuatilia riadha anajua hizo ni mbio mbili tofauti. Marathoni ni kilomita 42 za subira. Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja, kona baada ya kona, na mzunguko wa mwisho ni wa kufukuzana. Pumzi inaweza kuwa ile ile, lakini miguu inatakiwa kujifunza lugha nyingine.

Kwa watu wa soka, mfano uko karibu zaidi. Mwaka 1999 Thierry Henry alipotua Arsenal akitokea Juventus, alikuwa winga. Arsene Wenger akamgeuza straika. Mechi nane za kwanza Henry hakufunga hata bao moja, na kelele zikaanza. Akaja kuvunja mwiko Septemba mwaka huo dhidi ya Southampton, na mpaka msimu unaisha alikuwa na mabao 26 katika mashindano yote. Aliyekata tamaa kwenye mechi ya nane hakumwona Henry aliyekuja kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Arsenal.

Shabiki wa Hanang anayepanda gari hadi Babati kuangalia Ligi Kuu kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa ameshaona jambo hili kwa macho. Kuna winga wa mguu mmoja, kila beki anamjua, anamfungia upande wake na kazi imeisha. Ili awe hatari lazima autumie mguu wa pili. Na siku atakapoanza kuutumia, krosi za kwanza zitaenda jukwaani. Jukwaa litamzomea. Akirudi kwenye mguu wake wa zamani, ndiyo basi tena.

JINSI YA KUHAMA BILA KUJIUMIZA

Kwa aliyeamua, jambo la kwanza ni kupima wepesi wa mausi, ule ambao wachezaji wanauita sensi. Kosa kubwa la wanaotoka kwenye pedi ni kuweka sensi ya juu mno. Wamezoea kidole gumba kisogee kidogo dunia izunguke, basi wanataka mausi ifanye hivyo hivyo. Matokeo yake alama ya shabaha inarukaruka kama panzi.

Hesabu yake ni nyepesi. DPI ni idadi ya nukta ambazo mausi inahesabu kwa kila inchi moja inayosogea. Kwenye Counter-Strike, mtu anayetumia DPI 400 na sensi 2 anatakiwa kuivuta mausi kama sentimita 52 ili mchezaji wake amalize duara zima. Akitaka kugeuka nyuma, ni sentimita 26. DPI 800 na sensi 1 ni kitu kile kile. Kwa mgeni kipimo hicho kinaonekana kizito kama kusukuma mkokoteni kupanda mlima, lakini ndiyo aina ya vipimo wanavyotumia wengi wa mafundi wakubwa wa gemu hilo. Mkono unapata nafasi ya kusahihisha makosa.

Ukishachagua, usibadili kila siku. Anayefungwa leo akapandisha sensi, kesho akaishusha, anaufundisha mkono lugha tano kwa wakati mmoja.

Pili, zima kile kipengele cha Windows kinachobadilisha mwendo wa mshale kulingana na haraka ya mkono. Kipo kwenye mipangilio ya mausi. Mkono unataka sheria moja: umbali huu, pembe hii, siku zote.

Tatu, tafuta meza na nafasi. Mausi ya kulenga haichezewi pajani wala kwenye kona ya meza yenye sahani ya chipsi. Kipande cha kitambaa au pedi pana ya mausi isiyoteleza kupita kiasi kinatosha. Kaa wima, mkono ulale mezani, kiwiko cha mkono kisikunjwe kwa pembe kali. Ukianza kusikia maumivu au ganzi kwenye kiganja, simama. Mkono ukiumia, mchezo wote umekwisha.

Nne, tenganisha mazoezi na mechi. Kuna programu za kujifunza shabaha ambazo hazilipiwi, kama Aim Lab, ambapo unalenga vitu vinavyotokea kwenye skrini bila mtu wa kukurudishia risasi. Anza na vitu vikubwa visivyotembea, ndipo uende kwenye vidogo vinavyokimbia. Lenga usahihi kwanza, kasi itafuata. Baada ya hapo cheza na kompyuta, si na watu. Mtoto wa akademi hapangwi kwenye mechi ya Simba na Yanga wiki ya kwanza.

Mkono wa kushoto nao upewe darasa lake. Chagua gemu la hadithi la mtu mmoja, lenye kutembea kwingi na kupiga kidogo, ucheze hilo mpaka vidole viache kuuliza W iko wapi. Tembea huku unaangalia pembeni, zunguka nguzo huku macho yako hayaiachi. Siku utakapofanya hivyo bila kufikiri, nusu ya safari imekwisha.

Tano, na hili ndilo linalowashinda wengi: usiruke huku na huku. Nusu saa ya mausi kila siku ni bora kuliko saa sita za Jumamosi kisha wiki nzima ya pedi. Kama ni lazima ushike pedi, ishike kwa ajili ya mpira tu. Gemu za risasi ziwe za mausi peke yake, ili ubongo ujue kila mlango na ufunguo wake.

GHARAMA ZA HUKU KWETU

Ushauri wa mitaa ya Seoul au Los Angeles haumfikii kijana wa Dongobesh kama ulivyo. Huku mtu anahesabu umeme wa Luku, bando la intaneti, na pesa ya kitunguu saumu ambayo ina kazi nyingine nyumbani.

Habari njema ni kwamba si lazima kuanza na kompyuta. Tangu Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019, gemu za mfululizo huo kwenye PlayStation zinakubali kibodi na mausi za waya. Fortnite nayo inakubali. Mwenye kibanda mwenye PS4 anaweza kuchomeka kibodi na mausi za kawaida, zile zile za ofisini, na mteja akajaribu kabla hajauza hata kuku. Mausi ya bei ya chini yenye waya inatosha kujifunzia. Aliyefungwa na mausi ya elfu kumi atafungwa na ya laki pia mpaka mkono ujue.

Wale wa PUBG Mobile kwenye simu nao wajue jambo moja. Ukilicheza kwenye kompyuta kupitia programu inayoiga simu, gemu linakutambua na kukupangia wenzako wanaotumia kompyuta. Ule mpango wa kwenda kuwaonea wa simu kwa kutumia mausi haupo.

Kisha kuna umbali. Seva za Valve za Counter-Strike zilizo karibu na Tanzania ziko Johannesburg na Dubai. Amri yako inasafiri kutoka Katesh hadi huko na kurudi, na intaneti ikisuasua unapigwa ukiwa tayari umejificha nyuma ya ukuta. Kwa hiyo usiupime mkono wako kwa matokeo ya mtandaoni peke yake. Pima kwa mazoezi ambayo hayategemei mtandao: wiki hii umepata ngapi kati ya mia, wiki iliyopita ulipata ngapi. Namba hizo hazina upendeleo.

SI KILA MTU AHAME

Wapo wanaopaswa kubaki walipo. Anayecheza soka la gemu, abaki na pedi. Hata mashindano makubwa ya EA Sports FC na eFootball ya mashine za nyumbani yanachezwa kwa pedi, na mausi haimpi chochote. Wa magari, pedi au usukani. Wa ngumi na mateke, pedi au vifaa vyao maalumu.

Hata kwenye risasi kuna gemu ambazo pedi inatisha. Mfano ni Philip Dosen, maarufu kama ImperialHal, mmoja wa manahodha wakubwa wa Apex Legends. Alijijengea jina kwa kibodi na mausi. Mwaka 2023 akafanya kinyume: akaiacha mausi, akashika pedi, kwa sababu kwenye gemu hilo mapambano ya karibu ni mengi na msaada wa shabaha ulikuwa na nguvu. Mwaka huo huo timu yake ya TSM ikatwaa ubingwa wa dunia mjini Birmingham, Uingereza. Mwaka 2024 watengenezaji wakaupunguza msaada huo kwenye mechi za kompyuta.

Kwa hiyo aliyehama kwa sababu rafiki yake kamwambia mausi ni ya wakubwa, hajafanya hesabu. Swali la kwanza si kifaa gani ni bora. Swali ni gemu gani unataka kulicheza kwa ushindani, na wanaolishinda wanatumia nini. Ukishalijibu hilo, la pili ni gumu zaidi: uko tayari kwa wiki ngapi za kuwa wa mwisho?

Maana heshima ya kibandani ni kitu. Kijana aliyezoea kuitwa bosi akianza kupigwa na watoto wa darasa la sita, inauma. Mbulu inamjua mtu aliyeibeba aibu ya namna hiyo mbele ya dunia nzima. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa huko, alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Oktoba 20, 1968. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake, wakati Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Waliomcheka siku ile hakuna anayewakumbuka.

Mwaka huo huo, Desemba 9, mhandisi Douglas Engelbart alisimama San Francisco akaionyesha hadharani mausi, kifaa ambacho mfano wake wa kwanza ulikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili. Pale ukumbini alikionyesha kwa kazi za maandishi na michoro. Ikachukua miaka mingi kifike kwenye meza za watu wa kawaida, na mingine kabla wachezaji hawajagundua kinaweza kulenga.

Kijana wa Hanang hana haja ya kusubiri miaka. Achague gemu moja, sensi moja, nusu saa kwa siku, na daftari la kuandika namba zake kila Jumapili. Zikipanda, hata kama mtandaoni bado anachapwa, aendelee. Zikikaa palepale miezi kadhaa na moyo wake uko kwenye mpira, arudi kwenye pedi bila aibu yoyote, kwani atakuwa amerudi akijua, si kwa kukimbia.